Kuwaingiza Mahasimu Wawili wa Siri Katika Riwaya ya Fantasia

Ukisoma miswada ya fantasia ya waandishi wanaoanza, utakutana na mtu yuleyule kila mara. Anaingia usiku, mvua inanyesha, amevaa joho refu, kofia imemfunika uso, na hakuna ajuaye anatoka wapi. Hasimu wake akija, naye huja usiku, kajifunika gubigubi, na asili yake haijulikani vilevile. Mwandishi anaamini ametega siri mbili, kumbe msomaji anaona nguo mbili tu.

Msomaji hatamani kulijua jambo ambalo hajaonyeshwa hata ncha yake. Ukimficha mhusika kila kitu, umemnyima msomaji pa kushika. Kwa hiyo, kabla hujaandika sura ya kwanza ya mahasimu wako, shika hili: siri hujengwa kwa jambo linaloonekana wazi, mchana kweupe, ila sababu yake haijasemwa.

Shaaban Robert alilielewa hilo barabara. Katika Adili na Nduguze, kitabu kilichotoka mwaka 1952, mjumbe wa Mfalme Rai anafikia kwa Adili, mtu anayesifika kwa upole na uadilifu, na usiku anamshuhudia mwenyeji wake akiwachapa manyani wawili. Mwandishi hakutufichia kitu. Manyani tunawaona, viboko tunavisikia, na anayechapa tunamjua kuwa ni mtu mwema. Kilichobaki ni swali moja tu, kwa nini, na swali hilo linatuburuta mpaka tupewe kisa chote. Angekuwa ametuonyesha nyumba yenye giza na sauti zisizoeleweka, tungefunga kitabu tukalale.

Ili uweze kuandika hivyo, wewe mwenyewe lazima uwe na jibu. Waandishi wengine husema watalijua huko mbele, riwaya itawafunulia. Kwa mhusika mmoja pengine inawezekana. Kwa mahasimu wawili haiwezekani, kwa sababu kila dalili unayoiweka kwa mmoja inamgusa mwenzake, na dalili zisizo na jibu nyuma yake zitagongana kabla hujafika sura ya tano. Chukua karatasi, uandike mambo manne tu: kila mmoja anataka nini, kila mmoja ana uwezo gani, ni kitu gani kilipita baina yao, na kila mmoja amekosea wapi katika anavyomfikiria mwenzake. Hilo la nne ndilo linalosahaulika, na ndilo linalowafanya wawe watu. Mahasimu wanaojuana sawasawa hawana haja ya riwaya nzima. Wangemaliza mambo yao kwa barua.

Nitumie mfano wa kubuni ili tusibaki hewani. Tuseme riwaya yako iko katika bandari ya kisiwa kisicho kwenye ramani yoyote, mahali panapoundwa majahazi. Mahasimu wako wawili wanaligombea jahazi moja ambalo bado halijakamilika. Katika karatasi yako umeandika kwamba mmoja wao alizaliwa kabla chuma hakijafika pwani, na chuma humkana: palipo naye, makali hufa. Yeye mwenyewe hajui hilo. Anadhani mafundi wa kila bandari ni wazembe. Wa pili aliwahi kuwa mwanafunzi wake, na anajua kwamba mti uliotoa taruma la tisa la jahazi hilo uliota juu ya kaburi la mtu ambaye wote wawili walimpenda. Jahazi likikamilika, kaburi litasafiri. Haya unayajua wewe. Msomaji hatapewa hata moja katika sura ya kwanza.

Sasa linakuja jambo ambalo kwangu ndilo uti wa mgongo wa kazi hii yote. Siri mbili zisiwe za aina moja. Ukiwaficha wote wawili mambo yaleyale, asili na nia na uwezo, msomaji hataweza kuwatofautisha, na uhasimu wao utakuwa wa jina tu. Gawa. Wa kwanza, mwonyeshe uwezo wake na umfiche nia. Wa pili, itaje nia yake bila kuzunguka na umfiche uwezo. Kwa mgao huo msomaji atamwogopa mmoja kwa namna moja na mwingine kwa namna nyingine, na kila utakapomjibu kuhusu huyu atapata la kujiuliza kuhusu yule.

Katika riwaya ya majahazi, anayeshuhudia ni Mwanakombo, binti anayejifunza uundaji. Wahusika wanaweza kuingia hivi:

Mteja wa alfajiri alilipia jahazi zima wakati mbao zake bado hazijafika nusu. Hakuuliza bei. Alikaa juu ya gogo mpaka jua likapanda, akiwatazama mafundi wakichonga, kisha akaaga kila mmoja kwa jina lake, hata yule kijana aliyeanza kazi jana. Alipoondoka, Mwanakombo alichukua tezo amalizie taruma lake. Tezo ikateleza juu ya mti bila kuacha alama. Akajaribu ya pili. Akajaribu ya fundi mkuu, ambayo asubuhi ile ile ilikuwa inanyoa malaika ya mkono. Uwanjani palikuwa na tezo tisa, na hakuna hata moja iliyobaki na makali.

Adhuhuri akaja mwingine, kikapu mkononi, kama mtu anayetoka sokoni. Akayahesabu mataruma yaliyolazwa mchangani, kwa kidole na kwa sauti. “Kumi na manne,” alisema. “Mwambie fundi nitampa mara mbili ya alicholipwa leo, kwa sharti moja. La tisa asilitie.” Mwanakombo akamwambia jahazi lisilo na taruma la tisa litapasuka likikutana na bahari ya kusi. “Najua,” alisema mgeni. Akaokota tezo moja, akainusa upande wa makali, akaiweka chini taratibu. Kisha akatoa leso kikapuni, akajifuta vidole kimoja kimoja, na ile leso akaiacha palepale.

Hesabu msomaji alichopata. Kwa mteja wa alfajiri ameona uwezo, au tuseme balaa, lakini nia inajikana yenyewe: vipi mtu alipie jahazi huku akiwaulia mafundi zana? Kwa mgeni wa kikapu ameisikia nia kwa maneno yasiyo na utata, na hana habari mtu huyo anaweza kufanya nini. Zaidi ya hapo, mgeni amejua kuwa fundi amelipwa leo, ilhali hakuna aliyemwambia. Amenusa chuma na kukitambua. Hakumtaja mwenzake hata kwa kiwakilishi, na bado msomaji anajua kwamba hawa wawili wana historia, na kwamba ni mbaya. Hapakuhitajika mvua wala joho.

Angalia pia kile kilichoachwa. Msimulizi hakusema macho ya mteja yalikuwa ya ajabu, wala hakusema Mwanakombo alisisimkwa na mwili. Ukishamwambia msomaji kwamba jambo ni la kutisha, umemfanyia kazi yake, naye atakaa pembeni akutazame. Tezo tisa zilizokufa makali zinamtosha. Na aliyemuaga kila fundi kwa jina hakuwa mkali, alikuwa na adabu. Siri inayokuja na adabu hukaa moyoni muda mrefu kuliko inayokuja na ngurumo.

Njia nyingine ya kuwaingiza ni kumwacha hasimu mmoja amtambulishe mwenzake kwa kinywa chake. Kisa cha Fumo Liyongo, kama Muhammad Kijumwa wa Lamu alivyokitungia utendi mwaka 1913, kinafanya hivyo kwa ustadi mkubwa. Wagala wako Pate kwa Sultani, na Sultani anajigamba mbele yao kwamba anaye mtu ambaye wao hawajapata kuona mfano wake. Wanataka wamwone. Liyongo anaitwa, safari ya siku nne anaimaliza kwa siku moja, panda yake inasikika kabla mwenyewe hajaonekana, kisha anatua mzigo wake na kutoa humo vyombo vya nyumba nzima, kinu na mchi, mawe ya kusagia, vyungu na mafiga. Wageni wanaingiwa na hofu. Hapo ndipo utamu ulipo kwa mwandishi: Sultani aliyemsifu Liyongo ndiye atakayemwinda. Majigambo yake yamewatambulisha watu wawili kwa mkupuo mmoja, shujaa mwenye nguvu zisizoelezeka, na mtawala anayependa kumiliki ajabu bila kujua kwamba ajabu hiyo inaweza kumnyang'anya kiti. Na siri kubwa ya Liyongo, ile ya sindano ya shaba kitovuni, inangoja mpaka karibu na mwisho, baada ya sisi kumpenda.

Hasimu anaweza pia kuingia akiwa hayupo. Djibril Tamsir Niane, katika masimulizi ya Sundiata wa Mali aliyoyachapisha kwa Kifaransa mwaka 1960, anampeleka Balla Fasséké, msimulizi na mwimbaji wa ukoo wa Sundiata, ndani ya chumba cha siri cha Soumaoro, mfalme mchawi wa Sosso. Mwenyewe hayumo. Mna mafuvu ya vichwa, mna nyoka, mna bundi, na mna balafoni kubwa ambayo Balla anashindwa kujizuia kuipiga. Soumaoro anahisi kwamba ala yake imeguswa, anarudi mbio. Mwandishi wa Kiingereza Susanna Clarke alitumia njia ya namna hiyo katika Jonathan Strange & Mr Norrell, riwaya ya mwaka 2004: uchawi mkubwa wa kwanza wa Norrell, kuzifanya sanamu za mawe za kanisa kuu la York ziseme, unatokea huku yeye hayupo kanisani. Hasimu wake, Strange, anachelewa sana kuingia kitabuni, na kufikia hapo tumeshauzoea ulimwengu wenye mchawi mmoja kiasi kwamba kuja kwa wa pili ni tukio lenyewe.

Nasisitiza hilo la kuchelewa. Hakuna sheria inayosema mahasimu waingie sura moja. Katika mfano wangu wamepishana saa chache kwa sababu jahazi linawaunganisha. Riwaya yako ikiwa pana zaidi, mwache wa kwanza atawale hata sura nne, msomaji aanze kumzoea, pengine kumwamini, halafu mlete wa pili akiwa na ushahidi mmoja unaotikisa imani hiyo.

Suala la nani anayetazama lisipuuzwe. Ukiingia kichwani mwa hasimu mmoja, huwezi tena kumficha msomaji anachokijua huyo mtu bila kumdanganya, na msomaji akigundua amedanganywa hakusamehi. Kaa nje. Chagua shahidi wa tatu mwenye kazi yake mwenyewe na shida zake mwenyewe: fundi, mpishi wa chomboni, mtoto wa madrasa, muuza maji. Kazi ya shahidi ndiyo itakayokupa macho. Muuza maji ataona kwamba mgeni hanywi. Mwanakombo ameona makali kwa sababu makali ndiyo riziki yake. Mtu mwingine angepita uwanjani asione chochote.

Kiswahili chenyewe kinakupa silaha moja na mtego mmoja. Silaha ni kwamba sarufi yetu haimlazimishi mwandishi kusema kama mtu ni mwanamume au mwanamke. Rudia kipande cha hapo juu: mteja na mgeni hawajatajwa jinsia, na sentensi hazikupinda hata kidogo. Unaweza kubeba jambo hilo sura nyingi, ukaliachia siku linapobadilisha maana ya kila kilichopita. Mtego ni hiyo hiyo a- na -m-. Wahusika wawili wasio na majina wakikutana, utaandika “akamshika, akamsukuma, akamwambia aondoke”, na hakuna atakayejua nani kamsukuma nani. Kwa hiyo kila mmoja mpe utambulisho unaotokana na alichokiona shahidi, mteja wa alfajiri, mgeni wa kikapu, na usiubadilishe kwa ajili ya madoido. Usimwite leo mgeni wa kikapu, kesho yule wa ajabu, keshokutwa mwenye leso. Msomaji atadhani wameongezeka.

Majina halisi yatakapokuja, yasimalize kazi. Ndugu za Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu, na katika hadithi ya maadili majina hayo yanafaa, kwa kuwa Shaaban Robert alitaka tujue tuko na nani. Wewe unayetaka msomaji ayumbe kati ya watu wawili, wape majina ya kawaida ambayo jirani yake yeyote angeweza kuitwa. Watofautishe kwa usemi badala yake. Mmoja aseme “yuaja” pale ambapo mwenzake anasema “anakuja”, na msikilizaji wa pwani atajua huyo lugha yake imetoka wapi, au imetoka zama zipi, bila msimulizi kufungua mdomo.

Kisha kuna mkutano wao wa kwanza, ambao waandishi wengi huuharibu kwa mapigano. Wakipigana mapema, msomaji anajua nani ana nguvu zaidi, na nusu ya siri imekwisha. Wakutanishe mahali ambapo adabu inawafunga mikono: msibani, harusini, ndani ya chombo kimoja katikati ya bahari. Chukua msiba. Barazani wamekaa wanaume na mikeka imetandikwa, kahawa inapitishwa. Mgeni wa kikapu, ambaye sasa tunamwona vizuri, ni mzee wa mvi tupu, mgongo umeinama. Anaingia mteja wa alfajiri, kijana wa kukadiria miaka thelathini, ndevu bado nyeusi. Mzee anainuka kwa shida na kusema, “Shikamoo.” Kijana anajibu, “Marahaba,” na kumpita kwenda kukaa.

Kila msomaji wa Kiswahili atasimama hapo. Hakuna uchawi uliofanyika, hakuna silaha iliyochomolewa, lakini salamu imegeuka juu chini mbele ya watu wazima, na wote barazani wameisikia. Umri wa kijana umefichuliwa nusu. Uhusiano wao wa mwalimu na mwanafunzi umegusiwa. Na mzee ameonyesha kwamba, pamoja na yote anayoyakusudia, heshima bado inamshika. Mila zetu zimejaa vifaa vya namna hii: nani anamtangulia nani kunawa mikono, nani anaitwa mjomba na asiye ndugu yake, nani anakataa kuketi chini ya paa moja na nani. Usivikimbilie vya mbali wakati hivi vinakungoja.

Jambo la mwisho la kupangwa ni nani anajua nini kuhusu mwenzake, na lini. Katika The Night Circus ya Erin Morgenstern, iliyotoka mwaka 2011, wanafunzi wawili wa uchawi, Celia na Marco, wamefungwa tangu utotoni katika shindano ambalo masharti yake hawajaelezwa, na wala hawajui wanashindana na nani. Marco anamtambua Celia kwanza, Celia anachelewa. Muda huo wa katikati, ambapo mmoja anajua na mwingine hajui, kila tendo dogo lina uzito. Nakushauri utengeneze muda wa namna hiyo hata kama mahasimu wako wanafahamiana tangu zamani. Mteja wangu wa alfajiri, kwa mfano, hajui kwamba aliyelizuia jahazi ni mwanafunzi wake. Salamu ya msibani inaweza kuwa ndiyo mara ya kwanza anapomwona baada ya miaka mingi, naye akadhani ni bahati tu.

Jibu la kwanza litoe kabla ya theluthi ya kwanza ya kitabu kwisha. Ukichelewa zaidi, msomaji ataanza kushuku kwamba huna jibu. Lakini chagua jibu linalohamisha swali kwa hasimu mwingine. Mwanakombo anaizungushia tezo yake ile leso iliyoachwa, kwa ajili tu ya kuihifadhi, na asubuhi anakuta makali yamerudi. Sasa tunajua kitu kuhusu uwezo wa mgeni wa kikapu, na papo hapo tunajiuliza kama leso ilisahauliwa au ilikusudiwa, na kama ilikusudiwa, kwa nini mtu anayetaka jahazi lisikamilike awarudishie mafundi zana.

Ukishamaliza sura hizo za mwanzo, wape watu watatu au wanne wazisome, na usiwaulize kama zimewapendeza. Waulize: ungekuwa wewe ndiye Mwanakombo, ungeshirikiana na nani kati ya hawa wawili, na kwa nini? Wakigawanyika na kubishana, endelea na sura inayofuata. Wote wakimchagua mmoja, rudi kwa yule aliyekataliwa, umtafutie tendo moja la haki analoweza kulitenda mbele ya shahidi wako bila kuivunja siri yake, kisha uwape tena wasome.